Salesforce, HubSpot, Zoho CRM au SuiteCRM: ipi itakuonyesha ilipokwama?

Ukitafuta programu ya kusimamia wateja, wanaoiuza watakuonyesha bei ya mtumiaji kwa mwezi na orodha ndefu ya mambo inayoweza kufanya. Hayo yana uzito wake. Lakini yatakayokula muda wako baada ya kulipia ni maswali mawili yanayorudi kila wiki ofisini: "Mbona simwoni mteja wangu?" na "Mbona ujumbe haujaenda?" La kwanza ni la ruhusa, la pili ni la mtiririko wa kazi wa otomatiki, na mara nyingi yana chanzo kimoja. Programu inayoficha chanzo hicho huwafanya watu washikane uchawi: muuzaji anamlaumu fundi, fundi analaumu intaneti, na mteja anahamia duka la pili.

Kwa hiyo tunalinganisha programu nne kwa kipimo kimoja: kitu kikikataa, watu ulionao wanaweza kujua kimekataa wapi na kwa nini? Tuchukue mfano wa msambazaji wa vifaa vya ujenzi mwenye stoo Kariakoo na matawi Mbagala na Tegeta, wauzaji kumi na wawili, meneja kila tawi, mhasibu mmoja, na fundi wa kompyuta anayekuja akiitwa. Biashara za namna hii ziko nyingi Dar es Salaam, na ndizo zinazoumia zaidi zikichagua vibaya.

Mteja yupo, muuzaji hamwoni

Katika programu hizi, mtu anayetaka kuona rekodi hupita hadi milango minne: aina ya leseni (isipokuwa SuiteCRM, ambayo ni ya bure), ruhusa ya moduli (wateja, mauzo, ankara), ruhusa ya fildi (sehemu moja ya rekodi, kama namba ya simu), kisha ruhusa ya rekodi yenyewe. Kagua kwa mpangilio huo, usiruke mlango. Na usikague kwa akaunti ya msimamizi. Msimamizi huona kila kitu, kwa hiyo atakujibu "mbona kwangu ipo" na mtakuwa mmerudi mlipoanzia. Salesforce na HubSpot humwezesha msimamizi kuingia kama mtumiaji mwingine na kuona anachokiona. Kwingineko tengeneza mtumiaji wa majaribio mwenye ruhusa zilezile za muuzaji wa kawaida, hata kama anakugharimu leseni moja.

Zoho CRM inatenganisha mambo mawili kwa namna inayoeleweka haraka. Profaili husema mtu anaweza kufanya nini. Nafasi yake kwenye ngazi ya kampuni husema anaona rekodi za nani. Kwa kawaida rekodi huonwa na mwenyewe na walio juu yake. Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea: meneja wa Mbagala anawekwa ngazi moja na wauzaji wake, basi haoni kitu. Wauzaji wawili wa nafasi moja nao hawaonani mpaka uwashe chaguo la kushirikisha data kwa walio sawa kwenye nafasi hiyo, au uandike kanuni ya kushiriki kati ya makundi. Kosa la pili ni mpangilio wa ukurasa. Ukitengeneza ukurasa mpya wa wateja wa jumla na usiupe profaili ya wauzaji, hawataupata wanapoingiza mteja, na fildi zilizomo humo pekee hazitaonekana kwao. La tatu ni Blueprint, yaani njia ya hatua ulizoziweka wewe. Rekodi ikiwa ndani ya Blueprint, hatua haibadilishwi kwa mkono; ni yule tu aliyetajwa kuwa na haki ya kuivusha ndiye anayeona kitufe. Muuzaji atasema "imefungwa", na ukienda kuhangaika na profaili unapoteza mchana mzima bure. Fungua Blueprint kwanza, angalia wamiliki wa kila mpito.

HubSpot ina maneno machache zaidi: mtu anaona zote, za timu yake, au zake tu, na hivyohivyo kwa kuhariri na kufuta. Urahisi huo unavutia, lakini una mitego mitatu ambayo karibu kila ofisi huiangukia. Mteja aliyejaza fomu ya tovuti anaingia bila mmiliki. Muuzaji anayeona zake tu hatamwona hadi umwekee pia ruhusa ya kuona zisizo na mmiliki, au mtiririko ugawe mteja huyo mara anapoingia. Pili, mmiliki wa mauzo si lazima awe mmiliki wa mteja. Ukimpa muuzaji wa Tegeta biashara ya mabati ya mteja wa Kariakoo, anaweza kuiona biashara na asimwone mteja mwenyewe. Tatu ni kiti, yaani leseni ya HubSpot: mtu aliyepewa kiti cha kutazama tu hatahariri hata ukimwashia kila ruhusa. Ndiyo maana leseni iko kwenye mlango wa kwanza.

Salesforce ina tabaka nyingi kuliko zote, na ndiyo pekee inayokueleza kila tabaka kwa undani. Unaanza na mpangilio wa msingi wa kampuni nzima. Ukiwa "Private", kila mtu anaona zake, kisha unafungua kidogokidogo kwa ngazi ya vyeo, kanuni za kushiriki, timu ya mteja, au kushiriki kwa mkono. Kanuni za kushiriki hufungua tu, hazifungi. Ukitaka kumnyima mtu alichokwisha kupewa na mpangilio wa msingi, usiongeze kanuni. Rudi ukaubane mpangilio wenyewe. Ruhusa za "View All" na "Modify All" kwenye moduli huruka hayo yote, kwa hiyo mtu akiona zaidi ya anachostahili, zitafute hizo mbili kwanza kwenye profaili yake na kwenye kila seti ya ruhusa aliyopewa. Seti za ruhusa hujumlishana: iliyotolewa na moja hainyang'anywi na nyingine.

Uzuri wake uko hapa: kwenye rekodi kuna "Sharing Hierarchy", inayotaja nani anaiona na kwa sababu gani. Hakuna kubahatisha. Na ujumbe wa kosa una maana ukiusoma hadi mwisho. INSUFFICIENT_ACCESS_OR_READONLY hukuambia ruhusa ya rekodi hiyohiyo imepungua. INSUFFICIENT_ACCESS_ON_CROSS_REFERENCE_ENTITY hukuambia tatizo liko kwenye rekodi nyingine inayotajwa ndani yake, kwa mfano muuzaji anafungua oda inayomtaja mteja wa tawi asilolifikia. Mafundi wengi huona neno la kwanza tu, wakaongeza ruhusa pasipohusika, na data ikabaki wazi kwa watu wasiostahili.

SuiteCRM ni ya bure na chanzo chake kiko wazi. Unaiweka kwenye seva yako. Ruhusa zake ni majukumu pamoja na makundi ya usalama. Kila kitendo, kama kuorodhesha, kutazama, kuhariri, kufuta au kutoa data nje, hupewa kiwango: wote, kundi, mmiliki, au hakuna. Ukiweka "kundi", rekodi isiyo na kundi haionekani kwa muuzaji yeyote ila aliyekabidhiwa, kwa hiyo washa urithi: rekodi irithi kundi la aliyeiunda, la aliyekabidhiwa, au la rekodi mama. Mtu mwenye majukumu mawili hubanwa na lililo kali zaidi ikiwa chaguo la kujumlisha haki kwenye mipangilio ya makundi limezimwa, na tofauti hiyo na Salesforce huwachanganya wanaohama kutoka moja kwenda nyingine. Baada ya kubadilisha jukumu, mtumiaji atoke na aingie upya. Ruhusa zake hukaa kwenye kikao alichofungua asubuhi, na utaapa mabadiliko hayafanyi kazi wakati yapo.

Mtiririko haukuwaka

Kabla ya kugusa chochote jiulize: haukuwaka kabisa, au uliwaka ukafia njiani? Ni matatizo mawili tofauti, na dawa zake hazifanani.

Sababu kubwa ya kutowaka ni ileile kwenye programu zote, ila kila moja imeipa umbo lake: rekodi ilishapita mara ya kwanza, na mtiririko haukuruhusiwa kurudia. HubSpot, ukiacha ilivyo, huingiza rekodi mara moja tu inapotimiza masharti. Kuingia tena lazima ukuwashe mwenyewe. Mteja aliyekumbushwa deni la Januari hatakumbushwa la Machi. Pia ukiwasha mtiririko mpya HubSpot hukuuliza kama iingize rekodi zilizopo zinazotimiza masharti au zijazo tu. Ukijibu kwa haraka, ama wateja wote wa zamani wanapata ujumbe siku moja, ama hapati hata mmoja. Zoho ina kisanduku cha kurudia kila rekodi inapohaririwa. Salesforce inatofautisha kati ya kuwaka kila rekodi ikihifadhiwa ikiwa inatimiza masharti, na kuwaka pale tu inapobadilika kutoka kutotimiza kwenda kutimiza. SuiteCRM ina kisanduku cha kurudia kwenye ukurasa wa mtiririko, na pia hukuuliza uendeshwe rekodi inapohifadhiwa, kwenye ratiba tu, au kotekote.

Sababu ya pili ni namna data ilivyoingia. Zoho, wakati wa kuingiza faili la Excel, ina kisanduku cha kuwasha otomatiki kwa rekodi zinazoingizwa. Kwa API, yaani njia ya programu moja kuzungumza na nyingine, ombi likibeba orodha tupu kwenye kipengele cha "trigger", hakuna mtiririko utakaowaka. Fundi aliyeunganisha tovuti yako anaweza kuwa aliweka hivyo makusudi wakati wa majaribio akasahau kuondoa. Salesforce ina shida ya kinyume. Rekodi zikiingia kwa wingi, mafungu ya 200, Flow (jina la mtiririko wa Salesforce) yenye kutafuta data ndani ya kitanzi, yaani hatua inayorudiwa kwa kila rekodi, hupasua kikomo cha maulizo 100 kwa muamala, na unapata "Too many SOQL queries: 101". Rekodi moja moja ilikuwa sawa miezi yote. Faili la Excel ndilo lililofichua. Toa kutafuta nje ya kitanzi, kusanya rekodi kwenye orodha, zihifadhi mara moja mwishoni.

Kama unarithi Salesforce ya zamani, angalia pia imejengwa na nini. Workflow Rules na Process Builder ziliondolewa kwenye msaada rasmi tarehe 31 Desemba 2025. Zilizopo zinaweza kuendelea kuwaka, lakini zikikwama hutasaidiwa. Zihamishie kwenye Flow kabla hujazitegemea.

Kwa SuiteCRM, anza na cron, huduma ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba, kabla ya jambo lolote. Ratiba zote hutegemea seva iite faili la cron.php kila dakika. Fundi akiiweka chini ya root, mtumiaji mkuu wa seva, badala ya mtumiaji wa seva ya tovuti, ambaye kwenye Ubuntu ni www-data, faili za kache na kumbukumbu zinakuwa mali ya root, kisha ukurasa wenyewe unashindwa kuandika na unaona makosa yasiyo na uhusiano wowote na mtiririko. Angalia pia kazi ya "Process Workflow Tasks" iko hai. Na kwa kuwa umeme hukatika, fungua kila ratiba muhimu uwashe "Execute If Missed", ili kazi iliyopitwa na saa yake ifanyike seva ikirudi.

Inafanya kazi kwa jina la nani

Hili ndilo swali ambalo wanunuzi hawaulizi, nasi tungependa lifikiriwe kuliko bei. Flow ya Salesforce inayowashwa na rekodi huendeshwa na mfumo, haijali ruhusa za aliyehifadhi. Flow ya skrini, ile yenye kurasa za kujaza, kwa kawaida hufuata ruhusa za anayeitumia. Kwa hiyo kazi ileile inaweza kufaulu kwa njia moja na kukataa kwa nyingine, kwa mtu yuleyule, siku ileile. HubSpot nayo mtiririko haubanwi na mipaka ya muuzaji, maana yake anayeruhusiwa kuhariri mitiririko ana nguvu ya kubadilisha rekodi asizoziona. Toa ruhusa hiyo kwa watu wawili, si kwa kila meneja.

Miunganiko ya nje ndiyo inayoumiza zaidi. Kwenye Zoho, tokeni, yaani ufunguo ambao tovuti yako hutumia kuingia, hubeba ruhusa za mtu aliyeidhinisha. Akiacha kazi ukafunga akaunti yake, tovuti inaacha kuleta wateja kimyakimya, na mnaweza kukaa wiki mkidhani soko limelala. Tokeni ya kufikia hudumu saa moja na huhuishwa kwa tokeni nyingine ya kudumu. Hizo za kudumu zina kikomo cha 20 kwa mtumiaji kwa kila programu, na ya 21 huifuta ya kwanza. Fundi anayetengeneza mpya kila anapojaribu ataua ile inayofanya kazi dukani. Angalia pia kituo cha data: akaunti ya .eu haikubali tokeni ya .com. OAUTH_SCOPE_MISMATCH maana yake tokeni haikuombewa upeo (aina za data inazoruhusiwa kugusa) unaotosha. NO_PERMISSION maana yake mtumiaji mwenyewe hana ruhusa. HubSpot hurudisha kosa namba 403 lenye MISSING_SCOPES kwa upungufu wa upeo, na 429 ukituma maombi mengi kwa kasi.

Dawa ni moja kwa zote: mtumiaji maalumu wa miunganiko, mwenye barua pepe ya kampuni, asiye mtu na asiye msimamizi mkuu. Usitumie akaunti ya mkurugenzi, wala ya fundi.

Mambo ya hapa nyumbani yanayovunja masharti

Namba za simu kwanza. Excel hula sifuri ya mbele, 0754 ikawa 754, wakati fomu ya tovuti inaleta +255. Mtu mmoja anakuwa watatu. HubSpot hutambua mteja kwa barua pepe, na wateja wengi wa Kariakoo hawaitumii kununulia bidhaa. Hivyo marudio yatajaa usipoweka fildi yako ya kipekee. Zoho hukuwezesha kuikataza fildi ya simu isirudiwe. Salesforce ina kanuni za kulinganisha na za marudio. Kwa yoyote, fanya safu ya simu kwenye Excel iwe maandishi kabla ya kubandika, na amua umbo moja: +255 na tarakimu tisa.

Saa nayo. Ukimwambia fundi "ujumbe uende saa 2 asubuhi", ataandika 02:00 au 08:00? Andika maagizo yote kwa tarakimu za saa 24. Kisha weka ukanda wa saa wa Dar es Salaam kwenye akaunti nzima na kwa kila mtumiaji. SuiteCRM huhifadhi muda kwa UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma yetu, kwa hiyo oda iliyoingia saa saba usiku, yaani 01:00, huhesabiwa ya jana kwenye ripoti inayosoma hifadhidata moja kwa moja.

Ujumbe mfupi wa simu hutoka kwa kuita huduma ya nje. Kwenye Salesforce weka wito huo kwenye njia isiyosubiri ya Flow. Ukiuweka pamoja na kuhifadhi rekodi utakataliwa kwa sababu kuna kazi haijakamilishwa. HubSpot haitoi wito wa nje kwenye kila daraja la malipo, hivyo uliza kabla ya kulipa.

Na ruhusa ya kutoa data nje itazame peke yake. Iko kwenye programu zote nne, na mara nyingi imeachwa wazi kwa kila muuzaji. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakuwajibisha wewe kwa majina na namba hizo. Inagusa pia kusafirisha taarifa nje ya nchi, jambo ambalo programu tatu kati ya hizi hulifanya kwa maumbile yake, maana seva zake haziko kwako.

Msambazaji wetu achukue ipi

Kwa matawi matatu na fundi wa kuitwa, tungechukua Zoho CRM. Ngazi yake inafanana na jinsi kampuni ilivyopangwa, meneja anaweza kuielewa bila kozi, na kazi zilizoandikwa kwa Deluge, lugha yake ya programu, zikishindwa huorodheshwa mahali pamoja. Udhaifu wake ni kukueleza kwa nini mtu fulani haoni rekodi fulani; lazima uunganishe mwenyewe profaili, nafasi na kanuni.

HubSpot tungeichukua kama wateja wengi wanaingia kwa tovuti na barua pepe. Kwa kufuatilia ndiyo rafiki kuliko zote: historia ya kila fildi humtaja mtu au mtiririko ulioibadilisha, na historia ya mtiririko huonyesha kila rekodi ilipita hatua gani na ikakwama wapi. Lakini mitiririko kamili ipo kwenye madaraja ya Professional na Enterprise, na hapo bei hupanda ghafla.

Salesforce ichukuliwe na mwenye msimamizi wa kudumu. Bila yeye, tabaka zake zitageuka msitu. Akiwapo, hakuna ya kuipita: sababu ya kila ruhusa inaonekana, na mabadiliko ya mipangilio ya miezi sita yanapakuliwa yakiwa na jina la aliyeyafanya.

SuiteCRM ni ya aliye na fundi wa Linux ofisini, si wa kuitwa. Usiichague kwa kuwa ni bure.

Kabla ya kulipa, tumia kipindi cha majaribio kuivunja kwa makusudi. Tengeneza muuzaji wa Tegeta na mteja wa Mbagala, hakikisha haonekani, kisha mpe fundi wako dakika thelathini aeleze kwa maandishi ni mlango gani uliokataa. Ingiza faili la namba 300 kwa Excel, nusu zikianza na 0 na nusu na +255, uhesabu marudio. Badilisha hatua ya mauzo mara mbili kwa mteja mmoja, uone kama mtiririko umewaka mara mbili. Halafu funga akaunti ya aliyeunganisha tovuti, jaza fomu, usubiri uone nani anapata taarifa kwamba kuna kitu kimekatika. Kama hakuna anayeipata, muulize muuzaji wa programu taarifa hiyo huwashwa wapi, na asikuondokee kabla hajakuonyesha kwenye skrini.